Shina Ndani ya Mguu wa Farasi

Fundi viatu, jirani yetu, anawaambia wateja wake kwamba daktari wa mifugo alikuja na shina la mti, akalipandikiza kwenye mguu wa farasi wetu, na kwamba mimi kila asubuhi nalimwagilia. Ameniona kwa macho yake, anasema, nimechuchumaa na mpira wa maji. Juzi nilipokuwa napita aliniita: "Dada, litachanua lini? Nataka kivuli."

"Likichanua nitakuletea tawi ujipepee."

Kosa si lake peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia "seli shina", maana ndivyo daktari alivyosema. Yeye seli akaiacha, akaondoka na shina.

Kilichotokea ni kwamba Mapozi, farasi jike anayependwa kuliko wote na wapandaji wetu, alichanika kano ya mguu wa mbele. Daktari alimdunga sindano nene kifuani, akavuta uboho wa Mapozi mwenyewe, akaupeleka maabara. Huko walizitenga hizo seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, wakazikuza, na baada ya wiki kadhaa daktari akazirudisha kwa sindano palepale penye tundu lililoachwa na mchaniko, macho yake kwenye mashine ya picha. Hakuahidi kitu. "Zinaweza kuisaidia kano ijishone vizuri," aliniambia, "lakini kazi kubwa ni yako."

Kazi yenyewe ni kumtembeza kwa kamba, dakika kumi, baadaye kumi na tano, akirudi nimmwagie mguu maji baridi. Kukimbia hakuna. Kila asubuhi, kabla hajala, napitisha mgongo wa kiganja kwenye kano, kisha kwenye mguu wa pili, nilinganishe joto. Miezi saba sasa.

Ijumaa mjomba alikuja bandani na tandiko begani. Farasi wote ni wake. Mimi ni mtoto wa dada yake, alinichukua nilipomaliza la saba.

"Mtoe Mapozi. Kesho anakimbia mashindano."

"Mapozi hakimbii, mjomba."

"Kwani anachechemea?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Hachechemei kwa sababu haumwi. Hajapona. Kwenye picha ya mwisho tundu limeziba, lakini nyuzi za kano bado zimekaa ovyo kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Akikimbia zinakatika."

Akacheka. "Daktari wa darasa la saba."

"La saba lilinitosha kusoma hii." Nikamwonyesha karatasi ya daktari niliyoibandika mlangoni kwa gundi, kwa sababu ile ya kwanza mjomba aliibandua akafungia misumari yake. "Ikikatika mara ya pili hakuna sindano nyingine, ni ile ya kumlaza asiamke. Wewe mwenyewe ulikuwepo aliposema."

"Farasi ni wangu."

"Ni wako. Ila huo mguu nimeushika mimi kila siku, wewe hata mara moja."

Akasogea apite. Nikageuza ndoo, nikaikalia katikati ya mlango, miguu nikainyoosha mpaka ukingo wa pili. Nyuma yangu Mapozi alikuwa anatafuna nyasi kana kwamba hasemwi yeye.

"Ondoka hapo, binti."

"Shikamoo yangu utaipata kila siku, mjomba. Njia hupati."

"Nitakurudisha kwa mama yako."

"Nirudishe. Lakini leo bado niko hapa."

"Mama yako naye alikuwa hivihivi."

"Basi umeshazoea."

Mdomo wake ulicheza kidogo, akauzuia. Tandiko lilikuwa linamwelemea. Akalihamishia bega la pili, hakulitua. Nikaona nisiendelee kushindana naye maneno. Nikashusha sauti, ila miguu sikuikunja.

"Daktari anakuja Jumanne na mashine yake. Siku nne tu. Picha ikiwa nzuri, nitamtoa mwenyewe na nitamfunga tandiko kwa mikono yangu. Niachie hizo siku nne, mjomba. Nakuomba."

Alisimama palepale, akiutazama ule mguu kwa kupitia juu ya kichwa changu, kisha akalitua tandiko chini.