Maji ya Mwaka Aliozaliwa

Tone lilianguka kwenye beseni, kisha jingine. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya chakula cha jioni na sebuleni hakuna aliyemwona mwenzake.

"Nani hajafunga bomba?" bibi aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Si bomba, mama," mkwewe alijibu gizani. "Ni injini."

"Basi iambie ijifunge."

Injini ya boti ilikuwa imebanwa wima kwenye benchi zito, pale ambapo zamani palikaa runinga, na mkia wake ulining'inia juu ya beseni. Mume, ambaye ni dereva wa boti, ndiye aliyeibeba begani kutoka gatini. Mke, yule mkwe wa bibi na mama wa mtoto, ndiye fundi. Cheti chake cha injini alikipata kwa masomo ya jioni, mtoto akiwa amemlalia mapajani kipindi kizima cha gia, na hadi leo akisikia mtu anakoroma hukumbuka meno ya gia yanavyoshikana.

Wiki iliyopita boti ilizimika katikati ya maji ikiwa imejaa watoto wa shule, na wa kwake akiwa mmoja wao. Ilikaa pale, ikazungukazunguka, halafu ikawaka yenyewe. Kesho asubuhi ilikuwa ivuke nao tena. Mama hakutaka ivuke kabla hajaiona rangi ya oili ya gia.

Mume aliwasha taa ya simu. Mama alilegeza skrubu ya chini kabisa, na oili ikaanza kumiminika, nyeupe.

"Chai," mume akasema.

"Ya maziwa mengi."

Oili ikiwa nyeupe, maji yameingia. Oili ya gia ya injini ile haijazi hata birika, lakini beseni lilijaa. Mama akaleta ndoo, nayo ikajaa. Mume akaleta sufuria kubwa. Baadaye wakaacha kuleta vyombo, kwa sababu vilivyobaki vilikuwa na chakula.

Maji yalitoka kwa mpangilio, mapya kwanza. Yalianza ya kahawia, ya mvua hizi za sasa. Yakafuata ya kijani, ya kiangazi kilichopita, mazito kidogo. Yalipofika kwenye vifundo vya miguu yalikuwa ya baridi na juu yake palielea vumbi la mbao.

"Haya ni ya mwaka waliojenga gati jipya," bibi alisema akiteremsha miguu. "Goti linaniuma vilevile."

Mtoto alikuwa mezani akimalizia kazi ya shule. Alivua soksi, akaziweka juu ya kamusi, akaendelea na hesabu zake za kugawanya. Ndala za watu wa nyumba ile zilimpita chini ya meza, moja baada ya nyingine.

Mwisho yakaja maji ya uvuguvugu, safi, yanayonukia sabuni ya kipande. Bibi aliyachota kwa kiganja.

"Haya nayajua. Haya nimefulia nepi zake."

Mama naye alinusa. Ilikuwa kweli. Yalikuwa maji ya mwaka aliozaliwa mtoto, na ndio mwaka ambao boti ilinunuliwa. Baada yake kilitoka kijiko kimoja cha oili ya kiwandani, rangi ya asali, nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kwa hiyo skrubu ya chini haikuwahi kufunguliwa na mtu yeyote.

Mwenye boti huitwa Kidole, hata na wanawe. Ana boti mbili na hukagua injini zake mwenyewe, abiria wakitazama. Hufungua skrubu ya juu peke yake, akaingiza kidole cha shahada, akakitoa kimeloa oili na kukiinua. Oili huelea, maji hukaa chini, na kidole chake hakifiki chini. Mama alishamweleza hayo. "Ukifungua chini unajitafutia maneno," alijibiwa.

Washa za skrubu, vile vipete vya kuzuia maji yasipenye, zilikuwa zimekwisha, nyembamba kama ganda la kitunguu. Mama alivalisha mpya, kutoka kwenye kikopo alichozawadiwa na mwalimu wake. Kisha akaichomeka chupa ya oili kwenye tundu la chini na kuibinya taratibu. Oili ya gia hupandishwa kutoka chini ili isukume hewa itoke juu. Ukiimimina kwa juu, hewa hujificha humo ndani na wewe unasema imejaa.

Mume alimulika tundu la juu. "Bado. Bado. Haya, inachungulia!"

"Funga ya juu kwanza!"

"Nafunga. Usinigombeze kama mwanafunzi wako."

"Mwanafunzi wangu angekuwa ameshafunga, baba."

Alichomoa chupa, akaziba kwa dole gumba, akakaza skrubu ya chini. Bibi alicheka peke yake kwenye kochi. Umeme ukarudi, na Kidole akaingia amevaa mabuti ya mpira.

"Hodi humu. Injini yangu iko wapi?"

"Karibu, bosi. Ilikuwa imejaa maji," mama alisema.

Kidole aliivuka sebule, maji yakimpiga magotini, akafungua skrubu ya juu na kuingiza kidole. Kilitoka kimeloa oili.

"Si nilisema? Iko vilevile."

"Na haya uliyosimama ndani yake?"

Aliyatazama. Ndala ya mtoto ilikuwa ikimgonga ugoko.

"Nyumba zenu hizi zina unyevunyevu," alisema kwa upole. "Pakeni chokaa."

"Na injini ya boti ile ya pili?"

"Hiyo nimeikagua leo." Akainua kidole kilekile. Alikubali kipande cha muhogo, akashukuru, akaondoka.

Usiku huo walilala vizuri. Alfajiri waliyafagia maji nje, na jirani mmoja akachota kidogo ya kuoshea sufuria, akasema yanatoa povu kuliko ya bombani.

Gatini watoto waligawanywa kama kawaida, nusu boti hii, nusu ile. Mama alipanda asikilize. Injini iliimba kwa sauti moja, haikukwama, na mume alimkonyeza mkewe kama siku za uchumba wao. Boti ya pili ilitoka pamoja nao, imejaa, injini yake ikikohoa. Gatini Kidole alikuwa akifuta kidole kwa leso.

Mtoto aliwapungia wenzake mpaka mkono ukachoka, halafu akasema kwa sauti, "Mama, jioni tuibebe na ile."