Basi la Njia ya Tatu

Mama Pacha, msusi wa nyumba ya pili, anadai basi lilianza kupita siku ya Jumanne, saa nane kasoro dakika ishirini mchana. Anasema alikuwa kibarazani akimalizia msuko wa mwisho wa mteja, akaona pua ya basi inatokeza kwenye dirisha la fundi cherehani, kioo kikiwa kizima, kisha basi lote likafuata. Lilikatiza uani bila kuangusha hata beseni, likazama kwenye ukuta wa mbele. Mteja hakugeuka, kwa sababu nywele zake zilikuwa mkononi mwa msusi. Ubavuni liliandikwa Njia ya Tatu. Viti vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja cha mbele.

"Na aliyekikalia ni Mwenyekiti wa halmashauri," Mama Pacha anasema. "Kisogo kilekile. Mimi kichwa cha mtu sikisahau, ndiyo kazi yangu."

Mtaani wamezoea kupunguza nusu ya kila anachosema Mama Pacha. Safari hii fundi mwenyewe hakubisha.

"Lilianza Jumatatu," alisema. "Jumatatu hukuwepo, shoga."

Fundi aliishi chumba kimoja na mama yake, ambaye huu ulikuwa mwaka wa pili hatembei. Kitanda kilikaa upande mmoja, cherehani upande wa pili, na basi lilipita katikati, likiingilia ukuta wenye kalenda. Fundi alilipima kwa utepe wake siku tatu mfululizo, maana kipimo cha mara moja hakiamini. Upana wake ulikuwa futi nane na inchi nne. Nafasi kati ya cherehani na kitanda ilikuwa futi saba. Futi na inchi zilizopungua, basi lilijichukulia kitandani, upande wa miguu.

Kwa hiyo kila ikikaribia saa nane kasoro ishirini, mama alikunja magoti kwa mikono yake, mguu mmoja baada ya mwingine, akangoja.

"Limepita?"

"Limepita, mama."

Hapo binti alimsaidia kuinyoosha.

Basi halikuharibu kitu. Vitambaa vilibaki vimekunjwa vilevile, na harufu ya mpira wa matairi ilikwisha baada ya kikombe kimoja cha chai. Alhamisi tu lilidondosha tiketi. Fundi aliiokota chini ya cherehani. Ilikuwa na tarehe ya miaka mitatu mbele.

Ijumaa tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya taa. Halmashauri inapanga barabara mpya ya mabasi. Njia zinazofikiriwa ni tatu. Hakuna uamuzi wowote uliofanyika. Wananchi wote waje ukumbini Jumamosi kutoa maoni. Fundi alilisoma mara mbili, polepole, kama anavyokagua kitambaa, kwanza uso wake, halafu akainua pembe moja ya karatasi kutazama nyuma yake.

"Kama hawajaamua," alimwambia Mama Pacha, "yule dereva katumwa na nani?"

"Labda anajifunza njia," alisema Mama Pacha.

Ukumbini ramani ilitundikwa ukutani. Njia ya Kwanza ilikatiza katikati ya bwawa. Njia ya Pili iliingia gerezani kwa lango kubwa na kutokea jikoni. Hizo mbili zilichorwa kwa penseli. Ya Tatu ilichorwa kwa wino.

Mlangoni alikaa karani mwenye orodha. Ukiandika jina, namba ya nyumba na sahihi, ulipewa chupa ya maji. Mama Pacha alisaini mara tatu, yeye na wanawe wawili waliobaki nyumbani, akapata chupa tatu. Watu walimcheka, na wengine wakarudi kwenye foleni kusaini kwa niaba ya waume zao.

Fundi alipofika mbele aliona sehemu ya juu ya karatasi imekunjwa kwa nyuma na kukandamizwa vizuri kwa kucha, kama pindo. Yeye pindo hawezi kuliacha bila kulifungua. Akalifungua. Palikuwa na maandishi: Orodha ya Walioshirikishwa na Kuridhia.

"Kuridhia nini, kaka?"

"Hicho kichwa cha karatasi tu, dada. Sisi tunaangalia kwa chini. Saini upate maji."

"Maji sitaki. Nataka kusema neno."

"Ambaye hajasaini hayupo ukumbini. Asiyekuwepo atasemaje?"

Fundi alisogea pembeni, akasimama karibu na ukuta. Waliosema walisema. Mmoja aliuliza vumbi litakuwaje, mwingine akauliza kama madereva watachukuliwa mtaani. Kila mmoja alipomaliza karani alisema, "Maoni yamepokelewa," akafunga kalamu, akaifungua tena. Fundi alimfikiria mama akikunja miguu. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angekitaja kile kitanda. Akarudi mezani, akasaini. Kalamu ilikuwa ya wino uleule wa Njia ya Tatu.

"Basi linapita kwangu tayari," alisema aliposimama. "Mama yangu hatembei, na linapita palipo na miguu yake. Kama mnauliza, mnauliza nini? Na wewe, Mheshimiwa, umo ndani yake."

Mwenyekiti alitabasamu. "Nimekaa wapi?"

"Kiti cha mbele."

"Basi hapo hujakosea, dada yangu. Kiongozi hukaa mbele."

Ukumbi ulicheka. Fundi akatoa tiketi. Karani aliitazama pande zote mbili.

"Tarehe yake haijafika," alisema. "Lakini tutaiweka." Akaitoboa matundu mawili, akaitia kwenye faili. "Maoni yamepokelewa."

Jumatatu asubuhi tangazo jipya lilikuwa kwenye nguzo. Baada ya kusikiliza kwa makini, Njia ya Tatu imepitishwa. Wameridhia watu mia moja na kumi na wawili. Ukumbi ule una viti sitini. Mama Pacha alihesabu sahihi zake kwa vidole, akakiri kwamba watatu katika hao ni yeye.

"Lakini maji yenyewe tuliyanywa," alisema, na hakusuka mtu hadi jioni.

Mchana ule basi lilifika kwa wakati wake. Mama alikuwa amekwisha kukunja miguu. Fundi alisimama kando ya cherehani, utepe shingoni. Safari hii viti vyote vilijaa isipokuwa kimoja. Aliwajua watu mmoja mmoja, ila walikuwa wamezeeka kidogo, na kila mmoja alipakata furushi, kama wanaotoka mbali. Yule wa vumbi alikuwemo. Mama Pacha alikuwemo mara tatu, viti vitatu mfululizo, akitazama mbele katika vyote vitatu.

Kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha alikaa fundi mwenyewe. Utepe ulikuwa shingoni, umechakaa namba. Pembeni yake hakukuwa na mtu. Basi lilipofika usawa wa kitanda, yule wa ndani alitazama sakafuni, akakunja miguu yake juu ya kiti, taratibu, akiogopa kukanyaga kitu.

Fundi alitembea sambamba na kioo. Chumba kilikuwa na hatua nne tu.

"Nakuomba," alisema. "Niambie mama nilimpeleka wapi."

Yule wa ndani aliona midomo ikitikisika. Aliinua kiganja, akakiweka kwenye kioo, na kioo kikapita, kikatokea uani, kikazama kwenye ukuta wa mbele.

Harufu ya mpira ilibaki. Kitandani, mama alikuwa bado ameshikilia magoti.

"Mwanangu, limepita? Niambie nikiweza kunyoosha."