Mahindi ya Mkamwana

Mume wangu Hezron alikuwa hajawahi kuonana uso kwa uso na mke wa mwanetu. Usishangae, hawakuwa wamegombana. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani wala hawasemezani. Hiyo ndiyo heshima. Watu wengi hapa Masukulu wameshaiacha, na mchungaji mwenyewe hupeana mikono na wakamwana wake. Lakini Hezron wangu ni mbishi. Siku ya harusi alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa mpaka maharusi wakatoka. Naye Atuganile, mkamwana wetu, alilelewa na bibi yake, akaja na heshima zake zote kama zilivyo.

Basi nikabaki mimi katikati. "Mama, mwambie baba chai iko tayari." "Mama Yohane, mwambie mkamwana chumvi imezidi." Miaka miwili! Nilichoka, nasema kweli.

Mwaka huu tukapata balaa la mabehewa. Mahindi ya mwaka jana ya kikundi chetu cha wakulima yalikuwa bado yamejaa ghalani mpaka kwenye bati, yakisubiri treni ya mizigo. Mvua ilikuwa imekata njia ya reli huko mbele, na kila mwanangu Yohane, katibu wa kikundi, alipopiga simu stesheni Mbeya, aliambiwa wiki ijayo. Mwishowe akafunga safari na Hasheem, mfanyabiashara wa Tukuyu anayetununulia, wakakae hukohuko mpaka waone behewa kwa macho yao.

"Kawia ufike, mama," akaniambia wakati wa kuaga.

Methali hiyo mahindi mapya hayaijui. Yalikuwa yamekauka shambani, ghala halina nafasi hata ya kuku kulala, na mvua ya Rungwe haina likizo, hata mwezi wa sita. Yangekaa kidogo tu yangeota yakiwa bado kwenye mabua. Shamba la Atuganile lilikuwa la kwanza kulilima kwa mikono yake mwenyewe tangu aolewe, na mahindi yake ndiyo yaliyokuwa chakula chao cha mwaka mzima. Nyumba yao ni ya kisasa, ina dari ya jipsamu na jiko la gesi. Nzuri kuitazama, lakini humo hukaushi hata hindi moja.

Palibaki jiko langu la zamani, lenye dari ya miti juu ya moto. Na humo jikoni, kando ya moto, ndimo Hezron anamoshinda tangu magoti yaanze kumsumbua.

Jumanne mvua ilipokaza, Atuganile alikuja akasimama nje ya mlango, amelowa chapachapa, kikapu kichwani, uso ameugeuzia migombani.

"Mama, mengine yameanza kuchipua. Mwambie baba naomba dari."

Hezron akachukua koti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa zizini na ng'ombe. Mzee mwenye magoti mabovu, katika baridi ile! Nilimpenda kama siku aliyonichumbia.

Bega langu haliruhusu kupanda ngazi, kwa hiyo Atuganile alipanda darini, mimi nikawa nampa mahindi kutoka chini. Majirani kila mmoja alikuwa anahangaika na yake. Zizi limeshikana na ukuta wa jiko, na mbao zake zina nafasi. Hatukufika mbali.

"Mama Yohane! Mwambie asilundike! Ayafunge mawili mawili kwa maganda yake, ayaning'inize!"

Atuganile alisikia kila neno. Akatulia juu kule akinisubiri mimi nimwambie. Nikamwambia.

"Mama, mwambie baba kamba zimeisha."

"Mama Yohane, mwambie kamba za mgomba ziko nyuma ya mlango."

Nikatupa kikapu chini. "Mimi leo simu yangu imeisha chaji," nikasema. "Ongeeni na ng'ombe!"

Nilikuwa natania. Kule zizini nikasikia mtu anakohoa.

"Gwe, wewe ng'ombe," Hezron akasema kwa sauti kubwa, "ujue mafundo yakilegea, panya watashangilia."

Kutoka darini ikashuka sauti nyembamba: "Ndaga, ng'ombe. Asante, nimesikia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakaendelea hivyo, ng'ombe akiulizwa, ng'ombe akijibiwa, naye maskini anatafuna majani yake. Kazi ikaenda vizuri kuliko nilipokuwa mimi katikati.

"Gwe ng'ombe, ule mti wa katikati umezeeka, usiutwishe—"

Ng'ombe alichelewa kuufikisha ujumbe. Mti ulilia kaa! na mahindi yakaanza kumwagika.

"Atuganile! Shika ukuta!"

Alimwita kwa jina! Kabla sijafunga mdomo, Hezron alikuwa ameshaingia, magoti na yote, akauwekea bega ule mti uliovunjika ukaning'inia. Atuganile akashuka ngazi. Nikasimamisha mchi mrefu chini ya mti, ukashika. Hezron alipogeuka, yeye na Atuganile walikuwa wamesimama uso kwa uso, masizi usoni, wanatazamana.

Nilisubiri dunia ipasuke. Haikupasuka. Maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna aliyejaribu kuyazoa.

"Ameumia?" Hezron akaniuliza mimi, huku anamtazama yeye.

Nilifunga mdomo wangu kabisa. Hata kama wangenichapa nisingejibu.

Atuganile akanigeukia. "Mama," akaanza, "mwambie baba..."

"Baba yuko hapa," Hezron akasema. "Niambie mwenyewe."

Mtoto wa watu akatazama chini, akainua uso tena, na safari hii hakuugeuza.

"Baba, umekanyaga mahindi yangu."

Hezron alitazama miguu yake. Akainua mmoja, akaona. Akainua mwingine, akaona. "Kweli, mwanangu," akasema. Akapiga magoti pale pale kwenye majivu, akaanza kuyaokota, akimpa mkononi mawili mawili, naye akiyapandisha, mpaka hindi la mwisho likawa juu ya moshi.