Kizibao Chenye Masikio

Makubaliano yalikuwa mepesi, na Wanqi ndiye aliyeyapendekeza. Kipimo kikionyesha kwamba binti yake Ruoxi hapati Kichina cha kutosha nyumbani, kuanzia Januari angeshinda kwenye kituo cha watoto cha Kichina badala ya kushinda na bibi yake. Kikionyesha anakipata, mambo yabaki yalivyo. Wanqi alikuwa mkaguzi wa hesabu, na hakuona sababu ya watu wazima kununiana kwa jambo linalopimika.

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ah Ma, aliitikia kwa kichwa. Wiki ile supu yake ilikosa chumvi.

Jumamosi asubuhi akaja Dakta Tham, mtafiti wa lugha za watoto kutoka chuo kikuu. Alimvisha Ruoxi, mwenye umri wa miaka minne, kizibao chekundu, akatia mfukoni kinasa sauti kidogo kama kiberiti.

"Ishini kama siku zote," alisema. "Nitakifuata jioni."

Mlango ulipofungwa, hakuna aliyeishi kama siku zote.

Boon Teck, mumewe Wanqi, alikuwa wa kwanza kuharibu. Siku zote alisema na bintiye Kiingereza. Kichina chake chote alikiokota kwenye vibanda vya chakula chini ya ghorofa yao. Akapiga magoti mbele ya kizibao, akapaza sauti kwa Kichina: "Dada! Unakula hapa hapa au nikufungie?"

Ruoxi akamtazama.

"Pilipili niweke?"

Ah Ma naye, aliyemlea mjukuu kwa Kichina na kwa Kiteochew, lahaja ya wazazi wake, alipiga hesabu kwamba chuo kikuu ni chuo kikuu, na watu wa huko husema Kiingereza. Akafufua kile alichotumia ujanani kwenye kiwanda cha redio. "Wewe. Uji. Kula. Mzuri sana. Asante."

"Ah Ma," Ruoxi akauliza kwa Kichina, "jino linakuuma?"

"Hapana jino. Jino sawa."

Wanqi aliona ameachiwa kazi yote. Akafungua kitabu cha picha, akaanza kwa Kichina safi cha shuleni. "Ruoxi, huyu mnyama gani?"

"Sungura," mtoto akajibu kwa Kiingereza.

"Kwa Kichina? Ana rangi gani?"

"Mama, si unaiona?"

"Naiona, lakini nataka useme wewe."

"Basi sema wewe."

Kufikia saa sita nyumba ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Wakati wa chakula Ruoxi alijimwagia mchuzi wa soya, kizibao kikavuliwa na kutundikwa kwenye kiti. Boon Teck akachungulia mfukoni.

"Taa imezima. Betri imekufa."

Wote wakashusha pumzi.

"Jamani, taya zimechoka," Ah Ma akasema, kwa ile lugha yake ya siku zote, Kichina huku, Kiteochew kule. "Na yule dada wa chuo kikuu naye, sauti kama ya lifti. Mlango unafungwa! Mlango unafungwa!"

Boon Teck alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Ah Ma akaleta karata, akamgawia mjukuu wake.

"Ah Ma, umekalia karata."

"Nimekalia kiti."

"Nimekuona! Inuka."

"Magoti yangu hayainuki ovyo ovyo."

"Usipoinuka, sikuletei miwani, na bila miwani utatupa karata nzuri ukidhani ni mbaya, halafu nikikushinda utalia."

"Nilie mimi? Hata babu yako hakuwahi kuniliza!"

"Kwa sababu na yeye ulikuwa unamfichia!"

Wanqi aligeuka kutoka kwenye sinki. "Mama, unamfundisha mtoto wizi."

"Namfundisha kumkamata mwizi."

"Ndiyo maana nataka aende kituoni."

"Haya, aende. Huko nani atamkalia karata?"

Jioni Dakta Tham alipokuja, Wanqi alimwomba radhi kwa lile doa, na kwa betri iliyokufa mchana.

"Haikufa," akasema. "Taa hujizima yenyewe ili mtoto asiichezee. Kinasa huendelea."

Ah Ma alikumbuka ghafla nguo za kuanua.

Wiki iliyofuata mtafiti alirudi na matokeo, akayaeleza kama mtu anayesoma kipimajoto. Asubuhi mtoto alisema machache, mengi yakiwa neno moja moja. "Mtu akikuuliza kitu anachokijua," alimwambia Wanqi, "huhitaji sentensi kumjibu." Mchana, kwenye karata, palikuwa na masharti, sababu na matokeo, vimefungamana katika sentensi moja ya Kichina. Kwa watoto wa umri ule, Dakta Tham hakuwa amezoea kusikia hayo.

"Na Kiteochew?" Wanqi akauliza. "Si kinamchanganya?"

"Bibi anachanganya. Mtoto alipomjibu, hakuchanganya. Sikilizeni."

Akabonyeza, lakini alikuwa amerudisha nyuma kupita kiasi. *Mlango unafungwa! Mlango unafungwa!* Ah Ma akazikagua ndara zake kwa makini.

"Hiyo si sehemu ya utafiti," akasema Dakta Tham, kwa sauti ile ile ya lifti.

Alipoondoka, Wanqi aliyapitia matokeo upya akitafuta kosa. Siku moja ni sampuli ndogo, hilo alilijua. Lakini siku hiyo moja ndiyo aliyoikubali yeye mwenyewe. "Mama, makubaliano ni makubaliano. Ruoxi anabaki na wewe."

Ah Ma hakushangilia. "Siku zote?"

"Siku zote."

"Na Jumatano?"

"Na Jumatano. Kwani vipi?"

Ah Ma akakohoa. "Jumatano wenzangu wanacheza dansi ukumbini hapo chini. Wananiita tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Nikuombe Jumatano wewe, na wewe ulikuwa unazitaka siku zote za wiki? Ungenipa wiki nzima ya kucheza dansi."

Wanqi akachukua simu, akapiga kituoni, akauliza kama wanapokea mtoto wa Jumatano tu. Karani akataka kujua kama kuna tatizo lolote nyumbani.

"Hakuna," Wanqi akasema. "Bibi yake ana shughuli."