Jaketi Lililokaa Jikoni

Nilishuka kwenye lori pale Chuno nimevaa blauzi, sweta, koti la sufu na, juu ya yote, jaketi la ngozi la baba, jua la saa nane likiwaka. Watu walinipisha njia. Muuza mihogo mmoja alimvuta mtoto wake karibu, maana mtu mwenye akili zake havai hivyo Mtwara, nami sikuwa na muda wa kumweleza.

Tangu Masasi nilikuwa nimevua, joto lilipotushika. Lori lilipokaribia mji nikavaa upya, moja baada ya jingine, kwa mpangilio niliofundishwa. Nilitaka baba anione. Simu ya maandishi iliyotufikia Njombe ilisema ni mgonjwa sana, na njia nzima niliomba jambo moja tu: nimkute.

Mwaka uliotangulia, 1968, nilipoolewa na Thabiti, mwalimu aliyepangiwa Njombe, baba aliniita uani akanivalisha mwenyewe. Ujanani alifanya kazi migodini Afrika Kusini, akarudi na jaketi lile na kikohozi.

"Pamba ikae mwilini," alisema, akinifunga vifungo kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Halafu sufu, ishike joto. Ngozi huja mwisho, izuie upepo. Ukikosea, utaganda na nguo zako."

Jasho lilinitiririka hadi miguuni. Majirani walichungulia juu ya ua wa makuti wakicheka, naye akacheka nao mpaka kifua kikambana.

Mama hakucheka. Alisimama mbali, ncha ya kanga imeziba pua.

"Baba Mastura, nakuuliza tena. Ngozi ya mnyama gani hiyo?"

"Ng'ombe, mke wangu."

"Ulimwona?"

"Nitamwonaje? Nililinunua limeshashonwa."

"Basi mwanangu unamvika nguruwe."

Ugomvi huo ulikuwa mkongwe kuliko mimi. Mama hakuwahi kuligusa jaketi lile, wala kuliruhusu chumbani anakoswalia. Miaka yote lilitundikwa jikoni, nje, likala moshi pamoja na samaki. Baba alikuwa mpole kwa kila jambo, lakini kulitupa alikataa katakata. Nadhani alikosa shahidi mwingine kwamba aliwahi kwenda huko akarudi hai.

Nilipopinda kona ya kwetu niliona mikeka nje na wanaume wameikalia. Mjomba Rashidi aliinuka akanifuata.

"Tulimzika juzi, mwanangu. Kifua hakikumpa nafasi."

Niliingia ndani.

Mama alikuwa chumbani, amekaa eda juu ya mkeka. Msumari wa kanzu za baba, ulio juu ya mswala wake, ulikuwa mtupu. Kanzu walishapewa waliomwosha. Nilisimama mlangoni nisivuke. Hata katika msiba ule nilikumbuka kwamba nimevaa kitu ambacho hakijawahi kuingia humo. Nilijaribu kuvua, vifungo vikanigomea.

"Njoo," mama alisema.

"Mama, jaketi..."

"Nimekwambia njoo."

Alilifungua mwenyewe, kifungo kimoja kimoja. Ngozi kwanza, halafu sufu, halafu sweta, mpaka nikabaki na blauzi iliyolowa, na hapo ndipo nilipolia. Mama hakuninyamazisha. Aliuinamisha uso wake kwenye bitana ya jaketi.

"Huko lilikufaa?" aliuliza, bila kuuinua.

"Lilinifaa, mama."

"Baba yako alikuwa akiuliza hivyo kila siku. Mimi simjibu."

Kisha akanyanyuka, akalikung'uta vumbi la safari, akalitundika kwenye msumari wa kanzu.

Nilirudi Njombe na sweta na koti la sufu tu. Asubuhi za Agosti upepo ulipita katikati ya nguo, kama baba alivyosema. Thabiti aliniuliza kwa nini nisiandike nyumbani jaketi liletwe. Nilimwambia lina kazi huko.