Hodi ya Kutokea Ndani

Baba alikuwa akipiga hodi kutokea ndani. Alisimama mbele ya geti letu la bati, kofia mkononi kama mgeni mwenye adabu, akagonga kwa pete yake na kusema, "Hodi wenyewe." Upande wa pili hapakuwa na nyumba, ilikuwa barabara tu. Alingoja, kisha akagonga tena.

"Mzee anatumalizia rangi ya geti," alisema kaka yangu.

Kaka ndiye aliyetia kufuli, nami sikumpinga. Asubuhi moja Baba alitoka peku, tukamkuta jioni karibu na reli, mguu umekatwa na chupa, jina langu limemtoka. "Heri mzee alie ndani kuliko sisi tulie nje," kaka alisema, akanivika ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Kamba ilitoka kwenye sanduku la Baba mwenyewe. Alikuwa fundi viatu wa kando ya njia, na sidhani kuna mtu aliyepita pale bila kumsalimu.

Haukupita muda, Baba akaacha kula. Hakukasirika wala hakulalamika. Alifumba mdomo tu, kijiko kikarudi kilivyokwenda. Akawa mwepesi hata nilipomwogesha niliogopa kumshika.

Siku hizo nilikuwa nimeanza masomo ya Biblia ya jioni. Shule niliiacha nikiwa binti mdogo. Sasa nilirudi kwenye dawati nikiwa na wajukuu, magoti yakigota ubao. Nilisoma kwa kidole. Niliomba kabla ya kufungua kitabu, na nilipokifunga niliomba tena, maana kichwa changu kilikuwa chekeche.

Jioni ile tulisoma habari za malango. Mwalimu wetu, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, alisema sisi tukiona lango tunawaza kufuli na adui. Lakini wazee wa kale waliketi langoni. Huko waliamua kesi na kupeana habari. Boazi alipotaka kumwoa Ruthu, alikwenda kuketi langoni akangoja watu wapite. Kisha mwalimu akatupeleka mwisho wa kitabu, kwenye mji mtakatifu ambao malango yake hayafungwi kamwe.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kama hayafungwi, ya nini sasa? Si wangeacha uwazi tu?"

Muuza mkaa aliyekaa nyuma yangu akaguna. "Mama huyu leo atatulaza hapa."

Mwalimu alikuna kidevu. "Mama, hilo ni swali zito. Tuliombee."

Nililiombea njia nzima. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa nilipofika nyumbani. Ufunguo ulikuwa mmoja, kwa hiyo nikienda darasani hata kaka alibaki mfungwa pamoja na Baba. Nilikuwa naushika niliposikia pete ikigonga bati.

"Hodi wenyewe."

Sikuwahi kuisikia nikiwa upande wa nje. Ndani ilikuwa ugonjwa. Huku nje alikuwa mtu mlangoni, na ni Baba huyuhuyu aliyetufundisha kwamba hodi haiachwi hewani. Nikatazama barabara kulia na kushoto, kana kwamba ni yangu.

"Karibu," nikasema. "Karibu, Baba."

Sauti yake ikaja kupitia bati: "Sitawasumbua?"

"Hakuna usumbufu. Pita."

Nikafungua. Akainamisha kichwa, akatoka polepole. Kaka alikuja mbio. "Umefanya nini? Akipotea tena?"

"Lete viti," nikamwambia. "Na chako."

Tukaketi nje ya geti, Baba katikati. Muuza mkaa akapita. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kisigino kimelika upande mmoja. Lete nikione."

Muuza mkaa akatazama ndala yake, akacheka. Jioni hiyo Baba alimaliza sahani.

Aliishi mwaka na kitu baada ya hapo. Kila asubuhi alipiga hodi, na kila asubuhi mmoja wetu alikuwa ameshatangulia nje na viti.

Siku tulipomtoa amebebwa, kaka aliwasimamisha wabebaji mbele ya geti. Lilikuwa wazi. Akagonga bati kwa kidole, palepale rangi ilipobanduka.

"Hodi wenyewe," akasema.

Tukangoja kidogo, kama inavyopasa. Kisha tukapita.