Mjukuu Yuko Angani

"Nani alikutuma uwaambie wasubiri, Twalib? Nani?"

"Si niliangalia, dada! Simu imesema Dar mpaka Mtwara kwa ndege ni lisaa limoja na kidogo tu! Unapanda hapa, chai haijashuka tumboni, ushafika!"

"Na simu ilikwambia inaondoka saa ngapi?"

Hapo ndo Twalib alipoyakoroga. Bibi yao kafa alfajiri kule Mtwara, bibi aliyemlea mpaka akamaliza darasa la saba. Mjomba Nasser alipopiga kusema wanazika adhuhuri, yeye kadakia na kilio chake: "Msimzike, mjomba! Nakuja na ndege, alasiri nipo." Badriya, dada yake, kaacha nyanya zake sokoni Mabibo, kafika nyumbani Mtoni mbio, kakuta dogo kashafunga begi na ndege ya Mtwara ilisharuka asubuhi. Nyingine mpaka kesho.

Atajuaje? Ndege zinapitaga juu ya bati lao kutwa nzima. Yeye alidhani unaenda tu uwanjani kama stendi, ikijaa inaondoka.

"Basi tupande basi, sasa hivi!"

"Lifike usiku wa manane? Washamuosha, kaburi lishachimbwa, na joto la kule unalijua. Unataka bibi alale ndani mpaka kesho kwa ajili yako wewe?"

"Ye mwenyewe angenisubiri! Nikichelewaga mpirani alikuwa halali mpaka nirudi, wali wangu kaufunika!"

"Alikuwa hai, Twalib."

Simu ikaita mezani. Mjomba. Twalib akaisukuma kwa dada yake kama kitu cha moto.

"Pokea wewe, dada. Nakuomba."

"Sipokei. We ndo ulosema wasubiri, we ndo utasema wazike."

Iliita mpaka ikakaribia kukata. Akapokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Mmeshatua? Maana shehe kaniuliza mara ya pili. Nimemwambia mjukuu yuko angani."

Twalib akatazama juu. Bati, misumari, utando wa buibui.

"Hamna, mjomba. Niko Mtoni."

"Mtoni? Mtoni ya huko Dar?"

"Ndege nimeikosa. Mzikeni tu."

Mjomba hakugomba. Bora angegomba. Nyuma yake zilisikika sauti za wanaume wengi wakiongea chini chini, wale waliokaa juani tangu adhuhuri wakimngoja yeye.

"Haya, baba. Udongo wako n'takutilia mie."

Ikakatika.

Badriya akamshika mkono, sauti imeshuka. "Mdogo wangu, tutaenda kesho alfajiri, tuwahi hata hitima."

Twalib akautoa mkono wake taratibu. Begi akaliruka pale pale sakafuni lilipo, lina kanzu mpya ndani, akatoka, akaurudishia mlango.